Pete ya mti huzungushwa, haitobolewi

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme neno juu ya pete za mti zinazouzwa hivi sasa Unguja na Pemba.

Mwezi uliopita nilivuka kwenda Unguja na pete zangu 30 ndani ya mkebe wa biskuti. Mwenye duka mmoja wa Mji Mkongwe alizitazama, akazigeuza kwenye mwangaza, akazisifu. Kisha akaniambia anataka pete 200 kwa wiki mbili, kwa shilingi 2,000 moja. Nikamwambia mimi kwa wiki hutoa pete 12, na moja ni shilingi 15,000. Akanionesha njia. "Mzee, chukua tawi, likate vipande kama muwa, toboa katikati, piga msasa, paka vanishi. Mtalii akishapanda ndege harudi kudai."

Nilifunga mkebe wangu nikaaga. Lakini maneno yale nimerudi nayo Pemba na bado yananikaa kooni. Na kilichonisukuma kushika kalamu ni kwamba vijana watatu wa karibu na kwangu tayari wanazifanya pete za namna hiyo. Wao siwalaumu. Wamepewa oda, hawakupewa ujuzi.

Mimi ni mkereza wa hapa Utaani, Wete. Kazi nimeirithi kwa babu yangu mzaa baba, na keezo lake, yaani chombo cha kuzungushia mti ukachongwa kwa patasi, lilikuwa la uta. Kwa wasiowahi kuliona: mbao mbili fupi zimesimamishwa chini, kila moja ina ncha ya chuma, na kijiti kinabanwa baina ya ncha mbili hizo. Ugwe wa uta unakizonga kijiti mara moja. Mkono wa kulia unasukuma na kuvuta uta, wa kushoto umeshika patasi, na kidole gumba cha mguu kinaikaza patasi isiteleze. Kijiti huzunguka kwa kwenda na kurudi, kwahivyo patasi hukata kinapokujia tu. Kinaporudi nyuma unaiachia. Mtoto akikaa mbele ya keezo hilo siku moja anaondoka na usikivu wa mkono ambao mashine haimpi.

Babu alikuwa akikereza miguu ya vitanda na vijiti vya madirisha, lakini chakula cha nyumba kilitoka kwenye misuruaki. Vijana hawaujui tena msuruaki. Ni kile kijiti chenye kichwa cha mviringo kinachokaa baina ya kidole gumba cha mguu na cha pili yake, kinachomshikisha mtu mtalawanda, yaani kiatu cha mti. Misikitini na majumbani ilikuwepo mitalawanda ya kutilia udhu, na misuruaki ikivunjika watu wanakuja kwa babu. Zilipoenea kandambili za mpira, kazi ile ikafa, na babu naye akafa akiacha kikapu kizima cha misuruaki ambayo haikupata mnunuzi. Kikapu kile ninacho mpaka leo.

Niliendelea na uta mpaka mwaka 2010, ulipofika Pemba umeme wa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo tulikuwa na majenereta, na keezo la mota halitaki umeme wa kuja na kuondoka. Fundi mmoja wa Chake alinifungia keezo la chuma kwa mota ya mashine ya kufulia, na ndilo nifanyialo kazi.

Pete sikuzianza kwa akili yangu. Kijana mmoja wa Konde alikuwa anaoa. Pete si sharti ya nikaha, lakini siku hizi maharusi wanapenda kuvishana, na dhahabu kwa mwanamme wa Kiislamu haijuzu. Fedha inajuzu, ila yeye alitaka ya mti, kwa sababu mfenesi wa nyumbani kwao ulioangushwa na upepo ulipandwa na marehemu mama yake. Akaniletea ubao wake. Nikatoboa tundu la milimita 20 kwa biti ile wanayotobolea matundu ya vitasa vya milango, nikaupachika ubao kwenye kigogo nilichokichonga kikachongoka kidogo, nikakereza nje mpaka ukuta wa pete ukabaki milimita 2. Nikafanya na ya mkewe vivyo hivyo. Mfenesi ukiwa mpya una manjano ya binzari, na zile pete zilipendeza kwelikweli.

Siku ya nne baada ya harusi kijana alikuja kwa baskeli kutoka Konde. Hakunambia neno baya. Aliweka vipande viwili juu ya meza yangu ya kazi. Alikuwa akivuta kamba ya ngalawa, akasikia kitu kimealika kidoleni.

Nilivitazama vipande vile mpaka magharibi. Vilikuwa nusu kwa nusu, kama mtu aliyeigawa pete kwa kipimo. Ndipo nikaelewa. Nyuzi za ubao zote zimelala upande mmoja. Kwenye pande mbili za pete zilifuatana na mviringo, na pande hizo zilikuwa nzima. Kwenye pande mbili nyengine nyuzi hizo hizo ziliukata ukuta kutoka ndani kwenda nje, zikawa vijiuzi vya milimita 2, vimepangana bega kwa bega bila ya kushikwa na kitu. Hapo ndipo ilipoachia, huku na huku. Na pete ya tawi lililokatwa kama muwa ni dhaifu zaidi kuliko ile, kwa sababu nyuzi zake zote zimesimama na hakuna hata mmoja unaokizunguka kidole. Mpe mtu pingili ya muwa aichane, aone inavyochanika kirahisi kwa urefu wake. Juu ya hayo, tawi likikauka hupungua zaidi kwa mzunguko kuliko kwa kuelekea kwenye kiini, kwahivyo hupasuka lenyewe hata halijavaliwa. Vanishi haizuii hilo. Vanishi inalificha mpaka mnunuzi afike kwao.

Nilimrejeshea kijana fedha zake na nikaacha pete kwa muda mrefu. Njia niliyoiona baadae ilikuwa miguuni pangu siku zote. Nilikuwa nikizoa maranda kwenye gunia, kwa sababu mke wangu huyatandika kwenye banda la kuku, na ukanda mmoja uliotoka kwenye randa ukanizonga kidoleni. Niliuvuta kuutoa, haukukatika. Nikauvuta kwa nguvu, haukukatika. Nikakumbuka pete za ukuti tulizokuwa tukivishana utotoni. Mtoto yeyote wa Pemba anajua kwamba pete ya ukuti huzungushwa kidoleni. Hakuna mtoto anayetoboa tundu kwenye ukuti akatia kidole.

Nitaeleza ninavyofanya, kwa kuwa sitaki liwe siri.

Nachagua ubao mkavu, ulionyooka uzi, usio na jicho. Natia makali kwenye randa mpaka inyoe nywele za mkono, naiachia ulimi zaidi kidogo kuliko kawaida, na navuta ukanda mmoja mzima wa unene wa nusu milimita na ushei, upana wa sentimita 1. Urefu unategemea kidole. Kwa kidole cha upana wa milimita 19, pete ya mizunguko minne ya ukanda wa milimita 0.6 inataka karibu sentimita 27, kwa sababu kila mzunguko ni mkubwa kuliko uliotangulia. Mimi nakata 30 ili nibaki na cha kupunguza. Ukanda nauchemsha robo saa, nauzungushia kwenye bomba jembamba kuliko kidole, naufunga kwa mpira wa tyubu ya baskeli, nauacha mpaka kesho. Anayeharakisha hapa ataukata.

Asubuhi ukanda umeshika umbo. Ncha zake mbili nazipiga msasa mpaka ziwe nyembamba kama karatasi, vyenginevyo pete itakuwa na ngazi ndani na ngazi nje, na ile ya ndani itamkwaruza mtu. Kisha nauzungusha upya kwenye kigogo cha kipimo cha kidole, kigogo nimekipaka nta ili gundi isikishike, na kila mzunguko natia gundi ile ya matone inayokauka kwa sekunde. Hapo pete imekwisha kuwa pete. Keezo linakuja mwisho: kusawazisha kingo, kuzivunja makali, kuutoa ukuta kwenye milimita 2.4 na kuufikisha 2. Patasi ninaigusisha tu, kazi iliyobaki ni ya tupa laini na msasa, keezo likiwa kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika. Mikono ya kanzu ikunjwe. Keezo la uta likikamata nguo ulikuwa unaacha kuvuta, basi. La mota halikungojei.

Gundi hiyo ina jambo ambalo nawaomba vijana walisikie vizuri. Ikikauka kwenye ngozi hufanya gamba, na gamba hilo linazuia maji. Mtu akitia udhu nalo vidoleni, maji hayajafika. Nilikuwa nikilikwangua kwa kisu mpaka mke wangu akanipa dawa ya kuondolea rangi ya kucha, nayo hulilainisha likatoka. Chupa yake sasa inakaa juu ya meza ya kazi pamoja na msasa, na adhana haijanikuta nimehangaika tena.

Na udhu ndio mtihani wa pete yenyewe. Watu wengi wa hapa huingiza mikono majini mara tano kwa siku, na mwenye pete huizungusha ili maji yapite chini yake. Kwa mwezi mmoja ni mara 150, bila ya kuhesabu kuosha vyombo wala kwenda pwani. Mwanzo nilipaka mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi hayakauki, pete ikabaki na unato na ikashika vumbi. Nikapaka nta ya nyuki peke yake, ikapendeza siku tatu, kisha maji yakaingia kwenye kingo na pete ikaanza kufunguka kama mkeka uliolowa. Sasa napaka gundi ile ile, nyembamba, mara nane, ndani na nje na khasa kwenye kingo, kwa sababu maji hayaingilii kwenye uso wa mti, yanaingilia pale ukanda ulipokatwa. Baina ya kila mpako na unaofuata napitisha msasa wa maji. Namaliza na namba 2000, kisha nta kwa kitambaa. Mti mpya wowote naujaribu kwanza kwenye kidole changu siku 40 kabla sijamuuzia mtu. Niliyovaa sasa ni ya mkwaju, ina miaka mitatu. Imechujuka kidogo upande wa kiganja, na haina ufa.

Juu ya miti nina maneno pia, kwa sababu uongo umeingia huko.

Mfenesi ni mwepesi kukunja na rangi yake huiva kila mwaka, kutoka manjano kwenda kahawia ya asali. Mimi naupenda kuliko yote. Kiini cha mkwaju ni kigumu na cheusi-cheusi. Msaji una mafuta, kwahivyo gundi huukataa mpaka uufute kwa spiriti kwanza. Mpingo hautoki hapa kwetu, unatoka bara, na mimi hununua vipande vinavyobaki kwa wachonga vinyago. Ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, na ndio mmoja ambao nakubali pete yake itobolewe, mradi ukuta ubaki milimita 3. Vumbi lake linawasha macho na kifua, vaa barakoa. Lakini nimeoneshwa sokoni "mpingo" uliopakwa dawa ya viatu. Ufute kwa pamba yenye spiriti, pamba itakwambia.

Kifuu cha nazi nacho hutobolewa bila ya wasiwasi, kwa sababu hakina uzi unaokwenda upande mmoja kama ubao. Kijana asiye na randa nzuri, mwenye haraka ya kupata chochote, na aanze na kifuu. Ni cha kwetu, kinatupwa, na pete yake ni ya kweli.

Mkorosho na mwembe msivitie kidoleni mwa mtu. Utomvu wa miti hiyo unababua ngozi, na wapo wanaodhurika kwa kiasi kidogo tu.

Mkarafuu nauweka peke yake. Wageni wanauulizia, na wanastahiki kuupata, kwani kisiwa hiki kimesimama juu ya mti huo tangu kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja. Lakini mkarafuu mzima haukatwi kwa ajili ya pete. Mimi natumia iliyokufa yenyewe tu, na kabla ya msumeno naanzia kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani. Mti mmoja mkavu unanitosha miaka, kwa kuwa pete haili hata kiganja cha ubao. Inayoniumiza ni pete ya mti wowote uliookotwa, ikachovywa kwenye mafuta ya karafuu, ikauzwa kuwa ni mkarafuu. Mafuta hayo yanatokana na karafuu zenyewe, makonyo yake, yaani vijiti vinavyozishika, na majani, ndiyo hayo wanayoyakamua kiwandani Wawi. Anayenusa pete akaamini amenunua mkarafuu ameuziwa harufu.

Najua litakalosemwa: pete ya shilingi 15,000 haiuziki, watu wana njaa, acha vijana wapate. Nimewahesabia vijana wale watatu. Pete ya tawi wanalipwa 2,000, na katika kila kumi, tatu au nne zinapasuka mikononi mwao kabla hazijafika dukani, na zilizopasuka hawalipwi. Msasa wao, vanishi yao, umeme wao. Mmoja wao nilimkalisha kwangu wiki mbili baada ya sala ya alasiri. Ukanda wake wa kwanza ulikatika, wa pili ukakatika, wa saba ukakubali. Pete yake ya kwanza nzima tuliiangusha kwenye saruji kutoka usawa wa bega mara kumi. Aliiokota mara ya kumi akaivaa, hakutaka kuiuza. Sasa anatoa nane kwa wiki na fundi mmoja wa gereji amemuagizia tano kwa ajili ya wenziwe, kwa sababu pete ya chuma ikinasa kwenye injini inaondoka na kidole, na ya mti inavunjika ikakiacha.

Kwahivyo naomba mambo matatu, na ya kwanza nawaomba wenye maduka. Kabla hamjanunua pete ya mti, itazameni kingo zake kwenye jua. Mkiona mistari inazunguka kama maji ya kisima yaliyotupiwa jiwe, imezungushwa. Mkiona nyuzi zinapita moja kwa moja kutoka upande huu kwenda ule, imetobolewa, na ikiwa si mpingo wala kifuu msimuuzie mtu.

La pili, wakuu wa vituo vya mafunzo ya amali, cha Vitongoji kwetu na vya Mwanakwerekwe na Mkokotoni, nawaomba wawafikirie vijana wa useremala. Somo hili halitaki mashine kubwa. Linataka randa kali, sufuria ya maji ya moto na keezo dogo, na lau keezo hakuna, la uta linatosha kusawazisha pete. Nitalijenga kwa mikono yangu, gharama yake ni mbao mbili na misumari.

La tatu ni kwa masonara. Ukanda mwembamba wa fedha ukiwekwa ndani, mti ukazungushwa juu yake, pete hiyo itamzika mwenyewe. Mimi sijui kuyeyusha fedha na wao hawajui kuvuta ukanda wa mti. Sijaona sababu ya kutokaa meza moja.

Yule kijana wa Konde nilimfanyia nyengine mbili, kutokana na ubao ule ule wa mfenesi wa mama yake. Kilikuwa kimebaki kipande cha urefu wa mkono. Nilimpelekea mwenyewe. Mkewe alikuwa na mtoto wa pili mgongoni.

Mimi nipo Utaani kila Jumamosi na Jumapili baada ya alasiri. Anayetaka kujifunza aje na randa yake imenolewa. Mbao ninazo, na sitaki malipo.

Mkereza wa Utaani,
Wete, Pemba